Gauni Lililotoweka Kambani

Fundi wa cherehani na wifi yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu lile gauni lilipotoweka kambani. Lilikuwa gauni la wifi, alilovaa siku alipoingia nyumba ile kuwa mke wa pili wa kaka mtu, baada ya yule wa kwanza kuondoka. Alilifua, akalianika, halikuonekana tena. Na kwa kuwa fundi ndiye mwenye mkasi, mwizi akawa fundi. Mtaa mzima ulielezwa. Hata leo wateja wengine wakileta nguo ya kupunguzwa hukaa pale pale kibarazani wakiilinda, isije ikapunguzwa kupita kiasi.

Kwa hiyo fundi alikuwa na haja moja tu duniani: kabla hajafa, wifi amwite jina jingine.

Mama yake fundi na huyo kaka alikuwa amefariki na kuacha blanketi la viraka alilolishona tangu ujana. Kila aliyezaliwa au kuolewa mle ndani alikatiwa kipande cha nguo yake. Mama hakuomba, alikata. Nguo iliyopauka aliishona kinyume, upande wa ndani ukaja juu, maana huko jua halijafika. Lilibaki pindo tu, na fundi alikuwa akilimalizia apewe binti wa wifi, aliyekuwa anaolewa. Siku hizi watu hununua mablanketi ya manyoya yenye picha ya simbamarara. Yana joto, fundi hakatai, ila hayamjui mtu.

"Hicho cha kahawia ukitoe," wifi alisema. "Ni cha yule mke wa kwanza. Mwanangu hawezi kulala na mkosi."

"Sitoi kiraka cha mama. Na wewe hujui ni cha nani."

"Utanifundisha nini wewe, mwizi wa nguo za watu?"

Fundi akaenda dukani kununua uzi. Aliporudi alimkuta wifi kakalia kiti chake, wembe mkononi. Blanketi lilikuwa na tundu katikati, na kiraka kipo sakafuni.

"Nimekupunguzia kazi," wifi akasema.

Fundi aliusukuma mkasi mbali, asije akajibu kwa huo. Aliinama, akakiokota, akakigeuza. Upande wa pili kulikuwa na maua madogo ya rangi ya machungwa, yamepauka.

Wifi akasimama. "Hilo si gauni langu?"

Lilikuwa lenyewe. Kumbe wifi alikuwa amejifumua mwenyewe kwa wembe wake. Lakini fundi hakupata hata nafasi ya kumcheka, kwa sababu mabaki ya nyuzi yalikuwa ya mkono wa mama, mishono mifupi iliyolalia kushoto. Mama ndiye aliyelianua. Alimkata mkamwana wake akamweka katikati ya ukoo, kisha akakaa miaka yote akinywa chai huku binti yake akiitwa mwizi mbele yake. Hasira ilimpanda fundi. Alitamani mama afufuke japo kidogo, wagombane.

Wifi alikuwa mwepesi zaidi. "Kumbe ni yule bibi! Na sala zake zote zile! Ngoja watu wasikie arusini, mama mkwe mwizi!" Alishafika mlangoni.

Jina la fundi lilikuwa linasafishwa, tena na mdomo ule ule uliolichafua. Alichotakiwa ni kunyamaza tu.

"Hebu rudi hapa," akasema. "Nililichukua mimi."

"Nini?"

"Gauni. Nililianua mimi, nikampa mama akate. Nikamwambia umelitupa."

Wifi alimkodolea macho, kisha uso ukamchanua. "Si nilisema? Mimi nilisema!" Akatoka mbio kwenda kuwaambia majirani.

Fundi alivuta kiti, akakirudisha kiraka kwenye tundu lake, kinyume vile vile kama kilivyokuwa.

"Mama, sijakusamehe," akasema, uzi ukiwa bado mdomoni, akaanza kushona.