Barua Iliyofika Ijumaa

Mahakamani walimwita Mzee Stoo, hata majaji. Jina lake la kweli lilibaki kwenye kitambulisho na mdomoni mwa mkewe, tena siku za hasira tu. Kazi yake ilikuwa kutunza vielelezo: mapanga yenye damu iliyokauka, simu za wizi, nguo za marehemu ndani ya mifuko ya karatasi. Kila kitu kilikuwa na namba, na kila namba alikuwa nayo kichwani. Ukimwuliza kisu cha kesi ya mwaka juzi, anakujibu rafu ya tatu, upande wa ukutani, bila kugusa daftari. Alikuwa amekaa miaka kumi na tisa katika chumba kile cha chini ya ardhi, na utani wake ulikuwa mmoja: akifa asizikwe, apewe namba awekwe rafuni.

Mzigo uliomletea balaa ulikuwa kilo mia tatu na kumi na mbili za heroini, zilizokamatwa ndani ya makopo ya gundi ya vigae. Polisi wa nchi jirani ndio waliouona ukipakiwa. Wakanyamaza, wakawatonya wenzao wa huku, na makopo yakaachwa yavuke mpaka hadi yalipomfikia mwenyewe, tajiri mmoja wa vifaa vya ujenzi. Siku ile wakubwa wa pande mbili walishikana mikono mbele ya kamera. Kamera zilipoondoka, mzigo uliteremshwa kwa Mzee Stoo, ukakaa huko miaka minne. Sheria ilitaka dawa zote zitunzwe mpaka hukumu, na kesi ilikuwa ikiahirishwa kila mwezi kwa sababu hii na ile. Mara wakili anaumwa, mara shahidi hajulikani aliko.

Mzee Stoo aliandika barua sita kuomba mzigo uteketezwe. Alisema wazi kwamba chumba kile ni cha kutunzia mapanga, si cha kutunzia utajiri wa watu wanaoua. Mwaka wa nne bunge lilibadili sheria: zichukuliwe sampuli mbele ya jaji na mkemia, zitiwe lakiri, na mzigo uliobaki uchomwe ndani ya siku kumi na nne. Sampuli zikishatiwa lakiri, tajiri hana pa kutokea. Lakini mzigo ukipotea kabla ya hapo, kesi imekufa.

Siku ya kuchukua sampuli ilipangwa kuwa Alhamisi, na watu waliotakiwa kuijua hawakuzidi saba.

Asubuhi hiyo msajili wa mahakama alishuka na ufunguo wake, akafungua kufuli la kwanza la mlango wa chuma, kisha akapanda juu kumngoja jaji. Kufuli la pili lilikuwa la Mzee Stoo. La tatu lilikuwa ndani, kwenye kizimba cha nondo kilichowekwa mzigo wenyewe, na ufunguo wake alikuwa nao jaji. Mzee Stoo alibaki kwenye korido na askari wa zamu, Koplo, binti wa miaka ishirini na tisa aliyemwita baba. Walikuwa na mchezo wao wa kila siku: Koplo anachota karanga kwenye droo ya mzee, akiulizwa anawasingizia panya.

Saa nne kasoro watu wanne wenye ovaroli walishuka ngazi. Walibeba kisanduku cha vifaa na mtungi mdogo wa gesi wenye mpira na kichwa cha kuchomelea. Wa mbele alisema wamekuja kutengeneza kiyoyozi. Koplo alinyoosha mkono akaomba barua ya kazi. Yule mtu aliingiza mkono kifuani kana kwamba anaitoa, akampiga risasi ya koo.

Koplo aliketi chini taratibu, mgongo ukiteleza ukutani, mikono miwili imeshika shingo. Damu ilipita katikati ya vidole na kumjaa mapajani. Alimtazama Mzee Stoo, midomo ikacheza bila sauti, kisha macho yakabaki pale pale.

Wakamwuliza mzee ufunguo. Alisema hana. Wa pili, mtu mnene mwenye kucha ndefu, akamshika mkono wa kushoto, akaupachika kwenye bawaba ya geti la korido, na mwenzake akalisukuma geti kwa bega. Mzee Stoo alisikia mifupa yake ikivunjika kabla hajasikia maumivu. Wakafungua geti, wakampa nafasi ya kufikiri, wakafunga tena. Mara ya tatu alisema ufunguo uko ndani ya soksi. Hakulificha hilo baadaye: alikiri mwenyewe kwamba aliutaja kwa hofu, huku amejikojolea.

Mlango ulifunguliwa. Wa nne kati yao, fundi wa kuchomelea, mwanamume mfupi wa makamo anayechechemea, aliagizwa aingie akate kizimba. Ili aingie ilimbidi avuke maiti ya Koplo mlangoni. Aliinua mguu mbovu kwa mkono, akairuka miguu ya yule binti, akapita na mtungi wake. Mzee Stoo aliliona hilo vizuri. Wakamsukuma naye ndani aonyeshe makopo yenyewe ni yapi, maana humo mlikuwa na makopo ya kesi nyingine.

Mlango ule ulikuwa na komeo la ndani, zito, la zamani. Kanuni ilitaka mtunza stoo ajifungie siku za kuhesabu mali, na Mzee Stoo alilipaka grisi kila mwezi. Mmoja wa majambazi alikuwa amepanda kuangalia ngazi, na wawili waliobaki walikuwa wakiiburuta maiti waisogeze. Mzee akaupiga mlango teke, akasukuma komeo kwa mkono mzima. Wale wa nje walitukana, wakapiga risasi tatu kwenye chuma. Kisha wakazima taa, kwani swichi ilikuwa koridoni.

Sasa walikuwa wawili gizani, yeye na fundi.

Waliokuwa nje walimpigia kelele fundi amuue mzee na afungue. Fundi akajibu kwa sauti kubwa kwamba haoni kushoto wala kulia, wangoje awashe moto. Baada ya hapo alisogea, mguu mbovu ukiburuzika sakafuni, akasema kwa kunong'ona, na lafudhi yake ilikuwa ya ng'ambo ya mpaka:

"Mzee, tulia. Mimi niko na polisi. Nipe huo mkono niufunge, damu inakuishia."

Mzee Stoo alilisikia kila neno. Lakini ni mdomo ule ule uliotoka kuwajibu wauaji, na miguu ile ile iliyoruka maiti. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa meza ya mizani. Mkono wa kulia ukapapasa mezani na kukuta jiwe la mizani la kilo tano. Fundi alimgusa bega. Mzee Stoo akalipitisha jiwe hewani kwa nguvu zake zote.

Pigo la kwanza lilimpata fundi shavuni, meno yakamwagika sakafuni kama kokoto. Alianguka akimvuta mzee kwa shati, wote wakaenda chini, na kwa muda walikuwa wakigaagaa katikati ya rafu, nguo za marehemu zikiwaangukia. Fundi hakupiga ngumi hata moja. Alikuwa akijaribu kukishika kile kiganja chenye jiwe, na kusema kitu ambacho mdomo uliovunjika haukuweza tena kukitamka. Pigo la pili lilitua kwenye mkono. La tatu lilitua juu ya sikio, na sauti yake ilikuwa tofauti na yale mawili.

Mzee Stoo aliegemea mlango, jiwe bado mkononi, akisikiliza pumzi za mwenzake zikikoroma, zikipungua, zikakatika. Juu kwenye ngazi milio ya risasi ilianza, ikajibizana kwa dakika kadhaa. Msajili alikuwa amesikia ile risasi ya kwanza na kuita askari. Majambazi wawili walifia kwenye ngazi, na yule mnene alikamatwa akiwa na risasi pajani. Polisi walipogonga, Mzee Stoo alikataa kufungua mpaka msajili alipomwita kwa jina lake la kitambulisho.

Hospitali walimkata vidole viwili. Siku ya nne alitembelewa na mwanamke aliyevaa suti ya kawaida, akajitambulisha kuwa Inspekta wa kitengo cha dawa za kulevya cha nchi jirani. Alivuta kiti, akaketi, akaiangalia bandeji.

"Yule fundi alikuwa mtu wetu," alisema. "Miaka miwili alikuwa ndani ya kundi lile kwa ajili yetu."

Akaeleza yaliyobaki bila kujipamba. Fundi aliwaarifu mapema kwamba stoo itavamiwa Alhamisi. Ofisi ya Inspekta ikaandika barua, ikataja siku ya uvamizi tu. Jina la fundi hawakuthubutu kuliandika, kwa kuwa walihisi huku kuna mtu anayevujisha, na kweli alikuwepo, karani wa kitengo cha dawa cha huku, sasa yuko mahabusu. Mkataba wa nchi hizi mbili ulitaka barua za namna hiyo zipite wizara ya mambo ya nje ya kwao, kisha ya huku, kisha wizara ya usalama, ndipo zifike polisi. Ilisafiri siku kumi na mbili. Iligongwa mhuri wa kupokelewa Ijumaa asubuhi, Koplo akiwa tayari mochwari.

"Simu nilikuwa nayo mkononi," Inspekta alisema. "Utaratibu ulinikataza, nami nikautii."

Mzee Stoo aligeuza uso ukutani. "Aliniambia," akasema. "Nilimsikia vizuri kabisa. Sikumwamini."

Hakuna aliyemlaumu, na hilo ndilo lililomtesa zaidi. Magazeti yalimwita shujaa aliyemmaliza jambazi kwa mkono mmoja. Inspekta alikuwa ameomba siri ya fundi itunzwe mpaka hukumu, la sivyo kundi lingelipiza kwa mkewe na watoto. Basi fundi akazikwa kwao kama jambazi. Mkewe akafukuzwa kwenye nyumba ya kupanga, shemeji zake wakakataa hata kubeba jeneza. Mzee Stoo aliyapata hayo kwa Inspekta, aliyekuwa akimpigia simu kila mwisho wa wiki, safari hii bila kupitia wizara yoyote.

Waziri alipokuja kumpa cheti, watu wamejaa ukumbini, mzee alikataa kupanda jukwaani. Alisema kifua kinambana. Nyumbani mkewe alimtazama akizungusha kijiko kwenye sahani kwa muda, akamwambia, "Tangu urudi unakula kama mtu anayetafuna karatasi. Kuna kitu hujanieleza, baba." Akamweleza. Mkewe alilia, kisha akafuta uso, akasema kama cheti hakiwezi kuchukuliwa, basi zipo kazi nyingine za kufanya, asikae tu.

Kazi ilipatikana. Kamati ya bunge ilikaa kikao cha faragha kuchunguza vifo vile, na Mzee Stoo akaitwa. Wajumbe walitegemea hadithi ya ushujaa. Yeye aliweka mkono wenye vidole vitatu juu ya meza.

"Mlinipa makufuli matatu na watu watatu wa kuyafungua," aliwaambia. "Hamkumpa yeyote ng'ambo ya pili namba ya kunipigia. Mtu aliyekuja kunisaidia nimemuua kwa jiwe la mizani, na nchi zote mbili zinamwita mwizi."

Hakuishia hapo. Kila mwezi alipanda ngazi za wizara akiwa na barua mpya, moja ya mkataba, nyingine ya jina la fundi. Makarani walimzoea, mmoja akamwekea kiti chake kabisa. Hukumu ilichukua miezi kumi na mitatu. Tajiri alipata kifungo cha maisha, yule mnene hukumu ya kifo, karani miaka thelathini. Mzigo ulikuwa umeshachomwa zamani kwenye tanuri la kiwanda cha saruji, maofisa wa nchi zote mbili wakiangalia moshi, Mzee Stoo akiwa hospitalini bado. Mkataba ulirekebishwa: ofisi mbili za kupambana na dawa za kulevya ziliwekewa laini ya simu ya moja kwa moja, yenye mtu usiku na mchana, na barua ifuate baadaye. Fundi alitangazwa rasmi kuwa alikufa kazini. Tangazo lilikuwa la mistari minne.

Mzee Stoo hakutaka mjane asome tu gazetini nani alifanya nini. Inspekta alimpeleka yeye na mkewe hadi mji ambako mjane na watoto walihamishiwa, kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya mbao. Mjane aliwakaribisha sebuleni. Watoto walikuwa shuleni. Mzee alimsimulia yote kuanzia ngazi hadi msajili, bila kuruka geti wala mkojo, na kelele za msumeno zilipozidi alinyamaza akangoja, kisha akaendelea.

Alipomaliza, mjane aliuliza swali moja.

"Alipokwambia ni wa polisi, ulimsikia?"

Mke wa mzee alimshika mumewe goti. Mzee angeweza kusema giza, kelele, damu, na pengine mama yule angepata pa kushika.

"Nilimsikia, mama," alisema.

Mjane aliinuka, akaenda dirishani, akasimama huko akiwapa mgongo. Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Aliporudi uso ulikuwa umekauka.

"Wote walionijia walisema hawakujua," alisema. "Siwezi kukusamehe leo, na sijui kesho. Sitaki watoto wakukute hapa. Lakini mmetoka mbali, kunyweni maji kwanza."

Wakanywa maji, wakaaga, wakaondoka kabla ya kengele ya shule. Mzee Stoo alistaafu mwaka uliofuata. Mkono wake haukufumba tena, na siku za baridi unamwuma hadi kwapani. Mwaka hadi mwaka anaandika barua kwa yule mjane kumjulia hali. Miaka mitatu hakujibiwa. Wa nne ilikuja kadi fupi, haikuwa na salamu, ikimwarifu kwamba mtoto mkubwa amefaulu mtihani wa kidato cha nne, na kwamba baba yake angefurahi.