Umeona Nini Huko Juu?

Watu wanaamini rubani anaona kila kitu. Imani hiyo ni ya watu ambao hawajawahi kukaa mbele. Mimi ninakaa mbele, kiti cha kulia, msaidizi wa kapteni kwenye ndege ya abiria ya propela mbili, Nairobi kwenda Lamu na kurudi, na nawaambia kwamba sehemu kubwa ya maisha yetu tunatazama weupe mtupu. Asubuhi nazunguka ndege nikikagua matairi na mabawa, napima mafuta, nahakikisha mizigo haijazidi, naongea na waongoza ndege redioni, nasoma orodha ya ukaguzi kwa sauti kama shemasi anayesoma matangazo ya kanisa. Baada ya hapo ni mawingu.

Lakini siku za uwazi, njia yetu inaukata mto Tana kati ya Wenje na Garsen, na katikati hapo ndipo kwetu. Tukienda, kijiji chetu kiko dirishani kwangu. Tukirudi, upande wangu ni Wenje na Hola, kule maji yanakotoka. Yeyote aliyezaliwa ukingoni mwa Tana anajua maana yake. Mvua inanyesha mlimani, mbali, sisi kwetu vumbi tupu, halafu siku kadhaa baadaye mto unakuja kugonga mlango. Ukijua mapema umefika wapi, unavuna kinachovunika na kuhama. Usipojua, umepatikana.

Kwa hiyo mama yangu alinigeuza kipimo cha mto. Kila jioni ya msimu wa mvua alinipigia simu. Hakuuliza nimekula nini wala nitaoa lini.

"Umeona nini huko juu?"

"Maji yamepita Hola, mama. Mashamba ya chini yamezama."

"Haya. Tunatoka."

Na kweli walitoka, yeye na kijiji kizima, wakapanda mitumbwi na vyungu vyao na kuku wao mpaka Minjila penye ardhi ya juu. Misimu miwili nilisema, na misimu miwili maji yakaja vilevile. Basi nikaharibu mambo. Chifu akija na onyo, wanamsikiliza kwa adabu, kisha wanamwuliza mama, "Mwanao anasemaje?" Chifu aliwahi kuwahamisha bure, maji yasije, na walipokuwa Minjila wakimlaani, nyani na ng'ombe wa watu walimaliza mpunga shambani. Mtu aliyekula hasara ya namna hiyo hahamishwi tena na tarumbeta ya chifu.

Mama alikuwa na desturi nyingine. Saa ya ndege yangu kupita alianika leso nyekundu juu ya paa la mabati ili niione. Nilimwambia wazi kwamba kutoka kimo kile sioni hata ng'ombe, sembuse leso. Ninachoona ni kona ya mto, mstari wa miembe, na paa jeupe la kanisa.

"Siioni, mama."

"Utaiona tu," akasema, akaendelea kuianika.

Sikumdanganya, hata kwa leso. Ndivyo nilivyofunzwa. Mwalimu wangu wa urubani, mtu mwenye kinywa kichafu kuliko utingo yeyote wa Garsen, alinipiga kofi la kisogo siku niliposema "uwanja naona" kabla sijauona. Nilidhani nitauona baada ya sekunde chache. Alisema makaburi yamejaa marubani waliosema wameona. Kofi lile liliingia mpaka kwenye mfupa. Tangu hapo, nisichokiona sikisemi.

Msimu ule mawingu yalifunga siku tatu mfululizo. Tulipita juu yake kwenda na kurudi, jua likituchoma usoni, na chini yetu kama pamba ya godoro. Jioni ya tatu simu ikalia.

"Umeona nini huko juu?"

"Sijaona chochote, mama. Mawingu. Lakini redio inasema mto umevunja kingo kule maji yanakotoka. Nendeni Minjila."

"Redio sikuizaa mimi. Nakuuliza wewe. Umeyaona maji?"

Mpunga wake ulikuwa umeanza kukunja shingo, umebakiza wiki moja. Nilijua anachotaka, na nilijua neno moja tu lingemtoa.

"Sijayaona," nikasema.

"Basi. Kesho mawingu yatafunguka, utachungulia, utaniambia."

Nilimsihi. Nilimgombeza, mama yangu mzazi, nikamwambia ana kichwa kigumu. Akacheka, akaniambia nilale nisije nikaangusha ndege ya watu.

Kesho yake tulikuwa tumeanza kushuka kuelekea Lamu. Kapteni wangu, mtu mchangamfu anayependa kuwafurahisha wageni, aliona mawingu yanapasuka upande wangu. Akaninyooshea kipaza sauti.

"Wewe si wa huku? Watangazie mto wenu."

Nikakishika. Nikaanza, mabibi na mabwana, upande wenu wa kulia mtaona mto Tana. Nikageuza shingo ili na mimi nione. Kona ya mto haikuwepo. Mstari wa miembe ulikuwa nukta nukta. Paa la kanisa lilikuwa limekaa peke yake juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa, na pale kwetu palikuwa maji. Na kipaza sauti kilikuwa bado mdomoni, na watu zaidi ya thelathini walikuwa wananisikiliza. Nikamalizia sentensi. Nilisema mto ni mrefu kuliko yote Kenya, nikawatakia safari njema.

Nyuma nilisikia watu wakihamia madirisha ya kulia. Simu zikitoa mlio wa picha.

"Kapteni," nikasema, "pale chini..."

Mshale wa kipimo cha kimo ulikuwa unapita futi elfu kumi. Chini ya hapo ni sheria: hakuna neno lisilohusu kuruka mpaka magurudumu yaguse. Kapteni akainua kidole kimoja, bila ubaya wowote, kama anavyoinua kila siku. Nikafunga mdomo. Nikateremsha magurudumu alipoagiza. Nikamsomea orodha, na sauti haikutetemeka, na mpaka leo naichukia sauti ile.

Mlangoni mgeni mmoja wa kike aliyevaa kofia kubwa alinishika mkono. Alisema ameona mengi duniani lakini maji yale yalikuwa mazuri ajabu.

"Karibu tena," nikamwambia.

Simu ya mama haikupatikana. Nikampigia dada yangu, mwenye duka la nguo karibu na stendi ya Garsen. Alikuwa anajua tayari. Boti ya chifu ilikwenda jioni ile ya simu yetu. Mama aliikataa, na jirani yetu wa nyumba ya pili akakataa kwa kumfuata yeye. Maji yakaingia wakiwa wamelala. Jirani alipanda mwembe, akaokolewa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo. Ilirowa ikaketi, na mama ndani.

"Aliwaambia wenye boti mwanangu bado hajaona," dada akasema. Kisha akalia, na katikati ya kilio akaniuliza, "Ulishindwa hata kumdanganya?"

Nikakata simu kwa sababu abiria wa kurudi walikuwa wameanza kupanda.

Tulimzika Minjila, maana kwetu kaburi lingechimbwa majini. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walituachia hilo. Hawakutuachia la kusema juu ya njia ya msema kweli, kwa hiyo nalisema mimi: iliishia chini ya mabati ya mama yangu.

Maji yalipopungua watu walirudi mashambani, kwa sababu tope la Tana ndilo linalotulisha, hata likiwa limeua. Jirani yule alichukua kazi ya mama bila kuniomba ruhusa. Msimu uliopita alinipigia jioni.

"Mwanangu, umeona nini huko juu?"

Mawingu yalikuwa yamefunga siku nzima. Sikuwa nimeona hata mti.

"Nimeyaona," nikasema. "Yamepita Wenje. Tokeni sasa hivi."

Wakatoka. Maji hayakuja. Nyani walikula mahindi, ng'ombe wakakanyaga yaliyobaki, na jirani akanipigia kunitukana, akaniita mwongo, akasema afadhali mama yangu hakuishi kuona nilivyo.

Nilimwacha atukane mpaka pumzi ikamwishia. Mama yangu hana tena pumzi ya kunitukana.