Fundi bomba aliyefanya mtihani na wanafunzi wake

Saa mbili na robo asubuhi, maji yanaruka kutoka kwenye kiungo cha bomba hadi kwenye dari ya karakana, na wanafunzi kumi na wanane wa kidato cha tatu wanaangua kicheko. Mwalimu wao, Mama Koki, hacheki. Amelowa chapachapa, mkono kiunoni.

"Nani aliniambia ameshakaza?"

Msichana mmoja ananyoosha mkono taratibu.

"Basi maji yamekujibu kabla yangu. Fungua, zungushia tepu upya."

Fundi bomba huyu wa miaka arobaini na sita anafundisha hapa tangu shule ilipoingiza ufundi kwenye ratiba, miaka mitatu iliyopita. Mwalimu mkuu alimjua kwa kazi: ndiye aliyetengeneza mabomba ya vyoo yaliyowashinda mafundi wawili.

Yeye mwenyewe aliishia kidato cha pili, baba yake alipofariki. Ufundi aliupata kwa shemeji yake, akimshikia spana kwa miaka minne.

"Watu wakifungua mlango wananiuliza, 'Fundi yuko wapi?' Nawaambia ndiye huyu, nipisheni, maji yanamwagika."

Mwanzoni wazazi walikuja juu. Baba mmoja alisema kikaoni kwamba hakumleta mwanawe sekondari akajifunze kuzibua vyoo.

Pigo lenyewe lilikuja mwaka jana. Mkaguzi wa shule aliagiza kwamba asiye na cheti asifundishe. Mama Koki akapewa hadi mwisho wa mwaka awe nacho.

Akajiandikisha kufanya mtihani wa cheti cha ufundi, uleule wa wanafunzi wake. Vitendo havikumtisha, michoro ndiyo iliyomtoa jasho. "Bomba nalijua kwa mikono. Kwenye karatasi naliona kama nyoka tu."

Kila siku baada ya masomo, wanafunzi wawili watatu walibaki kumfundisha kupima kwa rula na kusoma alama za michoro.

"Mbishi huyo!" anasema msichana aliyelowesha darasa. "Ukimsahihisha anakwambia, 'Kazi hii nimeianza hujazaliwa.' Halafu anafuta, anachora tena."

Matokeo yalipobandikwa, hakuthubutu kusogea ubaoni. Mwanafunzi mmoja ndiye aliyepaza sauti: "Mama, umepita!" Michoro alipata hamsini na mbili, kiwango cha kufaulu kilikuwa hamsini. Alikaa palepale kwenye ngazi, akalia.

Na yule baba wa kikaoni? Mwezi uliopita alipiga simu, koki ya jikoni imekatika.

"Nikamuuliza, mwanao yuko wapi? Akasema yupo sebuleni. Nikamwambia, basi mimi wa nini?"

Kijana aliitengeneza kabla chakula hakijaiva.

Mwakani Mama Koki ataanza masomo ya jioni ili amalize kidato cha nne. Hesabu zinamtia hofu, lakini daftari ameshanunua.

"Nilitolewa darasani katikati ya somo," anasema. "Nataka nijue kilichokuwa kinafuata."