Nyota ya Nchi na Mvua ya Mbololo

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya arusi yangu, mwanangu, ni ile niliyosimama uani kwetu hapa Voi, nimeshika kamba ya kuanikia nguo, nikayatazama mawingu yalivyoshuka juu ya milima ya Mbololo, na kimoyomoyo nikayaambia: ondokeni. Mvua hiyo! Katika nchi kavu kama hii yetu, mie nilikuwa naifukuza mvua. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na nitakueleza nilifikaje huko, maana juzi nimeona jambo likanirudisha pale pale kambani.

Juzi mjukuu wangu Munira alinijia na simu yake. "Nyanya, hebu ona. Huyu anasema ati Kenya ina nyota yake." Nikavaa miwani. Namwona kijana wa watu, tai shingoni, nyuma yake duara kubwa lenye buruji kumi na mbili, zile alama za nyota. Anasema nchi ilizaliwa saa sita za usiku, tarehe kumi na mbili Disemba, jua likiwa kwenye nyota ya Mshale, na mwaka huu nyota yake imeingiliwa. Anayetaka kujenga asijenge, anayetaka kufungua biashara angoje. Munira ana cherehani mpya na kibanda kashakodi karibu na soko. Alikuwa afungue mwezi ujao. Sasa anasita.

Wengine wangecheka. Mie nilivuta kiti nikaketi, kwa sababu duara lile nalijua. Nimewahi kulichora kwa mkono wangu.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mombasa aliyehamia Voi zamani, na alikuwa na elimu ya falaki, yaani kusoma nyota. Walimjia Waislamu wa mjini, walimjia na Wakristo wa milimani, hao kwa kujificha kidogo. Ukifika, aliuliza mambo mawili tu: jina lako nani, na mamako nani? Kila herufi ina hesabu yake. Akijumlisha, akitoa kumi na mbili kumi na mbili, kile kinachobaki ndicho nyota yako. Macho yake yaliposhikwa na mtoto wa jicho, mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea vitabu na kumwandikia. Na kila karatasi, iwe ya arusi au ya safari, iliishia kwa maneno yale yale: Na Mungu ndiye ajuaye. Nilichoka kuyaandika, nikuambie kweli.

Siku moja nikamuuliza, "Babu, na nchi nayo ina nyota?"

Alicheka hadi akakohoa. "Jina lake twalijua. Mamake nani?"

Basi swali hilo likaniingia kama siafu ndani ya nguo, sikutulia tena. Kuuliza si ujinga, nikatoka kuuliza. Jirani yetu mmoja, mstaafu wa reli, hakungoja hata nimalize. "Mama wa Kenya ni reli! Kabla ya reli hapa palikuwa na nini? Tembo na kiu." Mamangu alikuwa anapepeta mchele. "Mama wa nchi ni ardhi," akasema. "Haya, ushapata jibu, kateke maji." Na Mama Wakesho akanipa jibu ambalo mpaka leo nikilikumbuka nacheka peke yangu: "Kenya haina mama. Iko na mababa tu, wengi, na wote wanagombana."

Huyu Mama Wakesho ndiye mwenye kisa, kwa hiyo mshike vizuri. Alikuwa mkulima wa Mbololo, akishuka siku za soko na mikungu ya ndizi. Mumewe alifanya kazi mbali, kwenye mashamba ya mkonge, na watoto wanne walikuwa juu yake yeye na jembe lake. Mtu wa kanisa hasa, lakini kila mwaka kabla ya vuli alipita kwa Babu kuuliza siku njema ya kupanda. Akitoka alijifunika leso mpaka puani. "Pasta asinione," asema, tunacheka.

Mama wa nchi sikumpata, ila nikakumbuka njia ya pili. Falaki inasema asiyejulikana mamake atazamwe kwa saa aliyozaliwa: nyota gani ilikuwa inachomoza mashariki wakati ule? Na saa ya nchi kila mtu aijua, ni saa ile bendera ilipopandishwa. Wakati huo Babu alikuwa Mombasa kutibiwa macho, kaniachia vitabu vyake na onyo nisimpe mtu neno lolote. Nilihesabu siku tatu, nafuta, naandika upya. Ikatoka nyota ya Mashuke. Yaani masuke ya nafaka, mwanangu! Nchi ya watu wa jembe, ikazaliwa masuke yakichomoza. Machozi yalinitoka kwa furaha, wallahi. Na usiniulize kama ni kweli au ni sadfa, maana hata sasa sijui, na hata sasa nikifikiria nasisimka mwili.

Hapo ningefunga kitabu, leo nisingekuwa na la kukusimulia. Lakini mwenye pupa hadiriki kula tamu. Nikataka kujua mwaka ule tuliokuwamo una nini. Nikamtafuta Zuhali, nyota mzito, nyota wa ukame na kunyimwa, ambaye akiingia nyumba ya mtu hatoki kabla ya miaka miwili. Nikamkuta wapi? Ndani ya Mashuke. Nikaunganisha mawili hayo chap chap: vuli hii nafaka ya nchi itaungua.

Wiki ile ile Mama Wakesho akabisha hodi.

"Babu iko?"

"Yuko Mombasa. Lakini mimi nipo," nikasema, nikaketi juu ya mkeka wa Babu. Jamani, mkeka ule ulinivimbisha kichwa!

"Nilitaka tu anipatie siku ya kupanda."

Sasa, nikuibie siri. Babu angemuuliza kwanza: huko juu kumbikumbi wametoka? Upepo unavuma kutoka wapi? Wazee wenu wanasemaje? Siku njema ya Babu ilikuwa nusu yake ya nyota, nusu yake imetoka kinywani mwa mkulima mwenyewe. Mie sikuuliza hata moja.

"Usipande," nikamwambia.

"Nisipande?"

"Nyota ya nchi nzima imekaliwa vibaya. Mbegu utakayotia chini vuli hii imepotea. Iweke."

Alinitazama sana. "Nchi nzima?"

"Nchi nzima."

"Haya," akasema taratibu. "Babu yako hajawahi kunidanganya." Nikamwandikia karatasi yake kwa mwandiko mzuri, na yale maneno ya mwisho sikuyaandika. Nilikuwa na uhakika, ya nini kuyaandika? Akaikunja, akaitia kwenye pindo la leso, akapanda lori la kurudi kwao.

Mvua ikaja, mwanangu. Haikuja ya kudondokadondoka. Hapa mjini tulipata manyunyu, lakini kule Mbololo kila alasiri mlima ulikuwa mweusi tii. Wachuuzi wakishuka wanasema kumepandwa kote, mahindi yashaota. Na muda ulikuwepo bado! Mtu akipanda wiki ya pili, hata ya tatu, hakosi chochote cha kuweka chunguni. Malori yalipanda kila siku ya soko. Ningeomba nafasi, ningefika kabla ya adhuhuri, ningesema maneno mawili tu: nimekosea, panda.

Sikwenda. Ndipo nilipokuwa nasimama kambani naifukuza mvua. Kila asubuhi naamka natazama mlima, nikiona kweupe moyo watulia, nikiona wingu nafura. Nilikuwa naiombea nchi yangu njaa ili mie nisiaibike. Umesikia hilo? Sijawahi kumwambia mtu mpaka nikazeeka, na hata sasa ulimi wauma. Dua la kuku halimpati mwewe, namshukuru Mungu. Mvua ilizidi.

Sikukuu ya Jamhuri ikafika, birthdei ya nchi yenyewe, watu wa milimani wakashuka na mafungu ya kunde mbichi, soko zima kijani. Mama Wakesho sikumwona. Nikamuuliza jirani yake mmoja, najifanya sina habari. Mama yule akasonya. "Huyo hakupanda, sijui kulikua na nini. Mbegu wameshaila. Jioni watoto wake wanakuja kwangu na sufuria." Nilinunua kunde nikazisahau pale pale mezani.

Babu alirudi na jicho moja limefunguka. Nilimpa ile hesabu ya nchi, nikitumaini sijui nini. Akaileta karibu na jicho lake jipya, akaifuata mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi.

"Hesabu ni sawa," akasema. "Hata mimi nisingeitoa vizuri hivi." Nikaanza kutabasamu. "Mbona mwisho wake patupu?"

Nikaivuta karatasi, hakuiachia.

"Nani mwingine ameiona?"

Nikamweleza habari ya Mama Wakesho, yote, mpaka sufuria. Nilitegemea kofi. Babu hakunigusa. Aliuliza swali dogo tu.

"Mvua ilipoanza, ulifurahi?"

"Babu, mimi..."

"Nimekuuliza, ulifurahi?"

"Sikufurahi."

"Basi ulitaka watu walale na njaa ili hesabu yako isimame." Sauti ilikuwa ya chini, na bora angepiga kelele. "Mjukuu wangu, hata Zuhali hana roho mbaya hivyo."

Kesho yake tulipanda lori na gunia la unga na mbegu kutoka dukani kwa babangu. Kutoka barabarani tulipanda mlima kwa miguu, mzee yule na jicho lake moja, mkono begani mwangu. Shamba la Mama Wakesho nililijua kabla sijaonyeshwa. Kulia mahindi ya watu yametoa mbelewele, kushoto vivyo hivyo, katikati magugu matupu.

Njiani nilikuwa nimetunga maneno mengi, ya nyota na nyumba zake. Babu akanifinya. Nikasema, "Mama, nilikosea. Na nilipoona nimekosea, nikanyamaza."

Mama Wakesho aliweka chini kisu alichokuwa anamenyea ndizi. "Hiyo ya kwanza nakuachia. Mtu anakosea. Hii ya pili ndiyo siielewi. Ulikua unaona mvua?"

"Nilikuwa naiona."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Akageuza uso akatazama shamba lake. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Mwisho akasema, bila kunitazama, "Masika utakuja na jembe."

Nilikwenda. Nililala kwake msimu mzima, mikono yangu malengelenge, watoto wake wakinicheka kwamba mtoto wa duka ashika jembe kama kalamu. Tukalima, tukapanda mvua ilipotaka tupande, na tukavuna, si haba. Naye Zuhali, tafadhali, muda wote huo alikuwa bado yumo ndani ya Mashuke, hajatikisika! Mama Wakesho aliendelea kuja kwa Babu miaka mingi baadaye. Ila akinikuta mkekani, husema, "Wewe andika. Usiongee."

Sasa nisikilize, mwanangu. Mie sikukatazi kuzitazama nyota. Udadisi ni tunu, na mpaka leo mtu akinipa jibu jema la nani mama wa Kenya nitampikia pilau. Munira nimemwambia afungue kibanda chake mwezi huo huo, kwa kuwa kabla ya kumjibu nilimuuliza yale ambayo sikumuuliza Mama Wakesho: wateja unao? Kitambaa unacho? Fundi wa pembeni anasemaje? Usimshauri mtu juu ya shamba ambalo hukumuuliza habari zake. Na ukisema neno kisha ukaona limekwenda mrama, usingoje mambo yakugeukie. Panda lori la kwanza ukaseme, maana muungwana akivuliwa nguo huchutama, na njaa ya mtu mwingine haingoji aibu yako iishe.

Tena anayeitabiria nchi mabaya, awe wa nyota, awe wa siasa, awe wa hiyo simu yako, usimpime siku anapotabiri. Siku hiyo wote huonekana wasomi. Mtazame uso siku mambo yanapokuwa mema. Akifurahi, huyo ni wenu, hata kama alikosea. Akinuna, kaa naye mbali, alikuwa anakuombeeni njaa.

Nami nakuombea hivi, nawe itikia: kila shari utakayoihofia kwa nchi hii, Mwenyezi Mungu akutoe mwongo mbele ya watu wote, na wewe uwe wa kwanza kupiga vigelegele. Amin.