Ndege wa Nyuma ya Zizi

Mama alikuwa mtu wa Masieda, kule juu kwenye baridi, na ndege wa kule aliwajua wote kwa sauti. Kifua kilipomzidi nikamleta kwangu Gehandu ili awe karibu na hospitali. Sikufikiria hata mara moja kwamba huku chini kuna ndege wengine.

Usiku wa kwanza tu akaniita. "Huyo anayelia ni nani?"

Nikasikiliza. Kwii, kwii, kwii, haraka haraka, nyuma ya zizi. Nimeolewa hapa miaka mingi na sikuwahi kumtilia maanani. Nikamwambia simjui.

"Kama wewe mwenyeji humjui, basi amenifuata mimi. Amekuja kunichukua."

Kuanzia hapo akakataa uji. Na bila uji, vidonge vyote alivitapika.

Jamani, nilihangaika! Nilimrekodi yule ndege kwa simu, nikazunguka naye kijiji kizima kama kichaa. Shemeji akasema ni mtoto wa bundi. Jirani akasema ni chura. Chura! Na mama anazidi kukonda huku watu wazima wananiletea habari za chura. Mwishowe mwalimu mmoja akacheka: ni yule ndege mdogo anayekaa barabarani usiku, taa ya bodaboda ikimpiga macho yanawaka. Anakula wadudu. Basi.

Nilirudi mbio. Giza lilipoingia nikakaa kando ya kitanda na uji wa moto, nikamweleza mama yote. Alinisikiliza vizuri, hata kikombe akakipokea. Moyo wangu ukatulia.

"Hebu nimsikie," akasema.

Nikafungulia simu sauti yote.

Kumbe ndege huyo akisikia mwenzake anadhani ameingiliwa kwake. Ningejuaje? Mara kitu kikatua juu ya bati, palepale juu ya kichwa cha mama, kikaanza kujibu. Nikazima simu. Hakikunyamaza. Nikatoka na fagio, nikapiga bati huku nalia na kutukana kwa lugha zote ninazozijua, mpaka kikaruka.

Niliporudi ndani, kikombe kilikuwa chini, kimejaa vilevile. Mama alikuwa amegeukia ukutani.

"Umemwita mwenyewe, mwanangu," alisema, wala hakuwa na hasira. "Sasa mwite na mjomba wako, aje anirudishe kwetu nikafie huko."