Bomba Chini ya Kitanda cha Mzee

Nyumba yetu ina vyoo viwili, na si kwa sababu ya utajiri. Kimoja kiko upande wa jikoni, ni changu na mume wangu. Cha pili kiko mwisho mwingine wa nyumba, kimeungana na chumba cha baba mkwe wangu. Tulipokuwa tunajenga, fundi aliuliza watu wachache hivi wana haja gani na vyoo viwili. Mume wangu akamwambia kwamba mkwe na baba mkwe hawawezi kukalia choo kimoja. Fundi yule hakuwa mtu wa Kyela. Alitutazama kidogo, akaanza kuchimba.

Wengi siku hizi wameuacha mwiko huu. Nina rafiki kule Ndandalo anayekula meza moja na baba mkwe wake na kubishana naye habari za mpira. Kwetu mzee ameushika. Miaka yote tuliyokaa nyumba moja sikuwahi kumtazama usoni wala kusema naye neno. Namjua kwa mgongo, kwa kofia yake, kwa sauti ya redio yake ya mahubiri. Nikitaka kupita koridoni, nakohoa. Yeye, akiwa chumbani, anagonga sakafu kwa fimbo mara mbili, maana yake: nimesikia, sitoki, pita. Chakula nakiweka juu ya stuli nje ya mlango wake, nakohoa, naondoka.

Wageni hunihurumia, nami sikuwahi kuelewa wananihurumia nini. Kuna wanawake wenye baba wakwe wanaoonja mchuzi na kutoa maoni. Mimi wangu hurudisha sahani tupu, basi.

Tatizo lilikuwa bomba. Vyoo vilikuwa viwili lakini shimo lilikuwa moja, nalo lilikuwa upande wangu, nyuma ya jiko. Kwa hiyo maji ya choo cha mzee yalipaswa kuvuka nyumba nzima. Bomba lingeweza kuzunguka nje, kando ya ukuta, lakini pale ndipo ninapopita mimi kwenda jikoni, na hakuna kazi ya nyumbani ambayo mzee haisimamii. Kila likiziba angekuja kusimamia, tungegongana kila mara. Fundi akauliza lipite wapi. Ni mimi niliyechukua kijiti nikamchorea chini: lipite ndani, chini ya chumba cha mzee, chini ya korido, litokee kwangu. Nililisema hilo kwa heshima, na nilijiona mwenye akili sana.

Sasa udongo wa kwetu hautulii. Masika unavimba mpaka milango inagoma kufunga. Kiangazi unapasuka, na mpasuko unaweza kumeza kandambili. Wazee wa zamani walijenga kwa mianzi, nyumba ikienda upande wanaisukuma inarudi. Sisi tulikuja na tofali za kuchoma na saruji tukadhani tumemaliza kazi. Saruji inakatika, na bomba la plastiki lililo chini yake linavutwa huku na huku mpaka maungio yanaachana, na hakuna anayeona.

Ufa ulianza kwenye ukuta wa mzee, kwa nje, karibu na dirisha. Mwanzoni uliingia ukucha, mwaka uliofuata ukaingia kidole. Kila aliyepita pale aliniambia usipoziba ufa utajenga ukuta, kana kwamba ameitunga yeye usiku uliopita. Niliuziba kwa saruji mara mbili. Mara zote mbili ukafunguka palepale.

Halafu ikaja harufu. Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi. Msimu huo tulikuwa na kakao nyingi, tumeifunika kwa majani ya mgomba nyuma ya nyumba ichachuke, na kakao ikichachuka kila mtu anajua inavyonuka. Nikasema ni kakao. Mume wangu akasema ni kakao. Tukaianika, tukaiuza, harufu ikabaki, nasi tukasema ni harufu ya kakao iliyoingia ukutani. Mtu akitaka kudanganyika hakosi sababu.

Na kulikuwa na mgomba. Uliota chini ya dirisha la mzee, na kiangazi chote, wakati migomba mingine imelegea, wenyewe ulikuwa kijani kibichi, umezaa mkungu ambao mtu mmoja hawezi kuubeba. Mzee aliuonea fahari. Mkungu wake aliupeleka kanisani siku ya mavuno, ukasifiwa mbele ya watu wote. Hakuna aliyejiuliza ule mgomba unakunywa wapi.

Masika yaliporudi, maji ya chooni kwangu yalianza kupanda badala ya kushuka. Mume wangu alikuwa kazini mpakani, upande wa Njisi, ambako huwa anasaidia madereva na karatasi zao. Nikaita fundi bomba kutoka Bondeni. Ni mtu mtaratibu, wazazi wake walikuja kutoka pwani kufanya biashara ya duka, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka unajiona unakwaruza ukimjibu.

Aliangalia ufa, akanusa. Kisha akaomba buluu ya kufulia.

"Mama," alisema, "nitamimina ndoo ya maji ya buluu chooni kwako, kisha nyingine chooni kwa mzee. Wewe simama shimoni, uniambie unaona nini."

Akafungua mfuniko wa shimo. Nikasimama pale nimeziba pua kwa kanga. Ndoo yangu ilifika, polepole, imechafuka, lakini buluu niliiona. Akaenda kwa mzee. Nilimsikia akiamkia, na mzee akimwitikia. Nikasikia maji yakimwagwa. Nikaangalia mdomo wa bomba. Nikaangalia tena. Akamwaga ndoo ya pili, kisha ya tatu. Hakikutoka kitu.

Alirudi akifuta mikono. "Hayafiki," akasema. "Na si ya leo tu."

Nikamuuliza yanakwenda wapi, ingawa nilishajua, maana mimi ndiye niliyechora. Maji yote ya mzee, kwa misimu sijui mingapi, yalikuwa yanaishia chini ya kitanda chake, yakila udongo kidogo kidogo, na sakafu imebaki kama kifuniko juu ya sufuria tupu.

"Nimegonga sakafu, inalia wazi," fundi akasema. "Nimemwomba atoke akae sebuleni. Amekataa."

"Amesemaje?"

Fundi aliona haya kunijibu. "Amesema, nikikaa sebuleni mkwe wangu atapita wapi?"

Neno lile liliniuma. Nilikuwa nimezoea kuuona ule mwiko kama kazi yangu mimi: mimi ndiye ninayekohoa, mimi ndiye ninayezunguka. Sikuwahi kufikiri kwamba naye, kila siku, anakaa ndani kwa ajili yangu.

Fundi alisema atakwenda Bondeni na bodaboda kuchukua mabomba na maungio, atarudi na vijana wawili, na wakirudi watambembeleza mzee wote pamoja. Alipotoka tu, mvua ikashuka. Kwa mvua ile nilijua hatarudi upesi. Nikampigia mume wangu, simu ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena, na tena.

Nikakaa sebuleni nikisikiliza. Mimi ni mtu wa hofu, sikatai. Nyumbani wananitania kwamba naweza kusikia sisimizi akikohoa. Lakini siku ile nilisikia kweli. Chini ya kelele za bati kulikuwa na sauti nyingine, kama mtu anayevunja mkate mkavu, kavu na fupi. Ikanyamaza. Ikaja tena.

Nilikwenda koridoni mbio. Na nikafanya nilichozoea kufanya: nikakohoa.

Fimbo ikagonga mara mbili. Sitoki, pita.

Hapo ndipo nilipoelewa tumejifungia wapi. Kikohozi changu kilikuwa na maana moja tu kwake, nayo ni kwamba abaki ndani. Kadiri ninavyosimama mlangoni kumwita, ndivyo atakavyozidi kukaa. Nikikohoa zaidi atageukia ukuta. Nikiondoka hatajua kwamba hatari imeshafika.

"Tata," nikasema, yaani baba, nikimsemesha kwa wingi wa heshima. Sauti yangu ilitoka kama si yangu. "Tata, tokeni. Sakafu inavunjika."

Fimbo ikagonga mara mbili, kwa nguvu zaidi. Nilisikia hasira katika kugonga kule. Alidhani nimekosa adabu, au sauti ya mvua ilimeza maneno yangu akabaki na jambo moja tu, kwamba mkwe wake anapiga kelele mlangoni pake. Na fimbo ile, Mungu wangu, alikuwa anaigonga kwenye sakafu ileile.

"Msigonge," nikasema. "Nawaomba msigonge."

Akagonga.

Nilifungua mlango. Mzee alikuwa amesimama kando ya kitanda, amenipa mgongo, uso ukutani, kama anavyopaswa kufanya mtu wa heshima akivamiwa. Sakafu katikati ilikuwa imeshuka kama unga uliominywa kwa kiganja. Mguu mmoja wa kitanda ulikuwa umeanza kuzama. Yeye hakuuona, maana alikuwa anautazama ukuta ili asinione mimi.

Nilipita ukingoni, nikamshika mkono juu ya kiwiko. Mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani. Alishtuka, akataka kuuvuta, nami sikumwachia. Nilimvuta kama ninavyovuta gunia la mpunga, bila adabu hata kidogo, tukatoka koridoni, tukapita sebuleni, tukaenda mpaka chini ya paa la jiko. Nyuma yetu kitanda kiliingia chini. Hakikupiga kishindo kikubwa. Kiliinama tu, redio ikaanguka ikaendelea kuhubiri humo shimoni, halafu tukasikia tope.

Tulisimama jikoni, mimi kwenye jiko la kuni, yeye mlangoni, ameelekea mvua. Nilikuwa nalia na sikujali anasikia. Fundi alipofika, ameloa chapachapa, mzee alimwambia kwa sauti ya kawaida, "Mwambie aliyeko jikoni, ndaga fijo." Nilikuwa hatua nne kutoka kwake. Fundi akageuka akaniambia kwamba mzee anashukuru sana, nami nikamwambia fundi amwambie mzee kwamba nimesikia.

Matengenezo yalichukua wiki mbili. Walivunja sakafu, wakatoa tope, wakajaza kifusi na mawe, wakashindilia. Bomba la zamani walilikuta limeachana sehemu tatu, na moja ya hizo ingeingia ngumi. Jipya halikupita ndani tena. Fundi alilizungusha nje, kwenye njia yangu ya jikoni, akalilaza juu ya mchanga wa ziwani ili udongo ukivimba lisikamatwe, akaweka maungio ya mpira yanayocheza, na chemba tatu zenye mifuniko ili likiziba tusibomoe nyumba. Mume wangu alimuuliza baba yake kama anakubali lipite pale, maana atakutana nami. Mzee akajibu kwamba ni afadhali kukutana.

Hata hivyo mwiko haukuisha. Sitaki kudanganya. Sahani bado naiweka kwenye stuli, na bado namjua kwa mgongo. Kitu kimoja tu kilibadilika, nacho mzee alikileta mwenyewe, kupitia kwa mwanawe. Alisema nikikohoa mara moja atabaki ndani kama zamani. Nikikohoa mara tatu atatoka, bila kuuliza.

Nilidhani sitakitumia kile kikohozi cha tatu. Kumbe sikuijua hofu yangu. Masika yaliyofuata, mchana mmoja mvua ilipokuwa kubwa kama ile, nilisikia kitu. Sikuwa na hakika ni nini. Nilijiambia ni tawi, ni bati, ni akili yangu. Nikajiambia hivyohivyo kama nilivyojiambia ni kakao. Basi nikaenda koridoni nikakohoa mara tatu.

Mlango ulifunguka palepale. Sikusikia hata fimbo. Alitoka pekupeku, kofia mkononi, upesi kwa mtu wa umri wake, akanipita uso umegeukia upande, akaenda kusimama chini ya paa la jiko. Nikamfuata. Tukasimama kama mwaka ule, migongo imegeukiana, tukisikiliza. Nyumba ilikaa kimya. Ufa haukuongezeka, sakafu haikulia, na maji yaliteremka ndani ya bomba jipya kama yalivyopaswa.

Niliona aibu. Nimemtoa mzee kwenye joto kwa sababu ya kitu kisichokuwepo. Nikaongea nikiuelekea mvuke wa sufuria.

"Mnisamehe, tata. Hakuna kitu. Niliogopa tu."

Mvua ilikuwa nyingi, na nilidhani hatajibu, kwa kuwa hajawahi kunijibu. Kisha nikasikia sauti yake nyuma yangu, karibu kuliko nilivyotarajia.

"Hata mimi," akasema. "Nilikuwa nimekaa nasubiri ukohoe."