Siku Chungu Walipohama

Nikiwa mtoto wa darasa la tatu huko Ruiri, nilikuwa na kazi ya kudumu, kitu ambacho sijakipata tena tangu nivae lile joho la graduation. Nilikuwa mlinzi wa chungu. Si siafu. Watu wa mjini kila mdudu mwenye kiuno wanamwita siafu. Siafu wanakula nyama. Hawa wangu walikuwa wale wekundu wenye vichwa vikubwa, wanaobeba mbegu kutoka shambani na kuziweka akiba chini ya ardhi, kama nchi yenye serikali inayofanya kazi.

Malkia nilimwokota baada ya mvua ya kwanza, ule wakati wanaruka, wanaanguka, kisha wanajikata mbawa wenyewe. Nikamweka kwenye chupa ya jam yenye udongo. Mwaka uliofuata watoto wake walikuwa wengi hadi nikawajengea nyumba. Kabati ya vyombo ya shosho ilikuwa na vioo viwili vya kusukuma ambavyo vilikuwa vimekataa kusukumika. Nikavitoa, nikavisimamisha vikitazamana, udongo katikati, vipande vya mbao pembeni, na nta ya nyuki kwenye kila ufa. Juu niliacha tundu moja la kuwalishia, nalo nikaliziba kwa nta pia. Niliwapa mwere, ile nafaka yetu ndogo, pamoja na ngano niliyookota kwenye mashamba ya matajiri. Ukitazama kioo unaona kila kitu: stoo ya mbegu, chumba cha watoto weupe kama mchele, kona ya takataka na maiti. Kwa vile hawapendi mwanga, niliwafunika kwa leso ya mathe, mama yangu.

Shosho, mama yake baba yangu, alipowaona mara ya kwanza alisimama mlangoni hakuingia.

"Nani amekubali hawa walale ndani?"

"Mami."

"Mami yako si wa kukubali. Hii nyumba ni ya kijana yangu."

Kijana yake, yaani baba, tulikuwa tumeshamzika nyuma ya zizi.

"Sikiza, wewe," shosho akaendelea. "Chungu wakikubali nyumba, watu wa hiyo nyumba wanakaa. Lakini wakihama, wakitoka na watoto mdomoni, kuna mtu wa hiyo nyumba atawafuata. Na hatarudi kulala hapo."

"Ni ukweli, shosho?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Alikuwa amewahi, tena sana, hasa kuhusu sindano za dispensari. Lakini hili nililimeza lote, kwa sababu nilikuwa nishaona kwamba mathe hatulii. Alikuwa anaosha sufuria iliyo safi. Anatoka hadi barabarani, anatazama upande wa Meru, anarudi, anasahau alichotokea. Kulikuwa na mwanamume wa Kibugu, huko Embu kwenye majani chai, aliyekuwa anakuja na mkate na soda, anaketi kwenye stuli akiwa ameweka kofia juu ya goti. Nobody told me anything. Mtoto haambiwi. Lakini siku moja nilimsikia shosho jikoni akimwambia mathe, "Ukitaka kuolewa tena, olewa. Mtoto ni wa hii boma." Mathe hakujibu. Hapo ndipo niliogopa kabisa, maana mathe alikuwa mtu wa kujibu.

Basi akili yangu yote nikaipeleka kwa chungu. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: nyumba yao isipopata ufa, mathe yuko. Niliwaangalia kabla ya uji, nikawaangalia baada ya uji, nikatoka darasani kwa kisingizio cha choo nikakimbia nyumbani kuwaangalia. Nilikanda ile nta mpaka mwalimu akaniuliza kama nalala kwenye mzinga. Jioni ndio walikuwa wabaya. Walipanda kioo hadi juu, wakapapasa pembe zote, wakashuka, wakapanda tena. Nje, mathe naye alikuwa akizunguka uwanja akiokota vijiti ambavyo hakuna aliyemtuma. Nikawa katikati yao, nikiwanong'oneza, "Tulieni. Si tulieni tu."

"Unaongea na nani?" mathe akauliza kutoka mlangoni.

"Nao."

"Wanasema nini?"

"Wanataka kutoka."

Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamkatikia. "Wape maji basi," akasema.

Siku yenyewe nilirudi kutoka shule nikakuta mstari. Ulianzia chumbani, ukavuka kizingiti, ukapita kando ya mahindi yaliyoanikwa, ukaelekea kwenye ua wa mkonge. Kila mmoja alikuwa na mtoto mweupe mdomoni. Ndani, nyumba ya vioo ilikuwa imesimama dirishani kwenye jua kali, tundu wazi. Leso ilikuwa imekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Begi la mathe halikuwepo, wala viatu vyake vya kanisani.

Shosho alikuwa nje akichambua maharagwe. Hakusema "nilikuambia." Alisema, "Chakula iko kwa sufuria."

Niliufuata ule mstari. Alikuwa ameniambia mtu atawafuata, kwa hivyo kichwani mwangu mathe alikuwa mwisho wa mstari. Mwisho wa mstari palikuwa na shimo chini ya mkonge, na chungu wakiingia mmoja mmoja. Nikapiga magoti nikaanza kuwaokota. Nilijaza kiganja, nikakimbia ndani, nikawamwaga kwenye tundu, nikarudi. Wale wenye vichwa vikubwa wanauma mpaka ngozi inapasuka, na hata ukimkata mwili kichwa kinabaki kimeng'ata.

Shosho akaja akanisimamia.

"Wanakumaliza mikono, wewe."

"Wakirudi atarudi."

Hapa ndipo yule mwanamke bado ananichanganya. Angeweza kusema haiendi hivyo. Angeweza kusema mengi kuhusu mathe, na alikuwa nayo tayari, alikuwa ameyafanyia mazoezi mwaka mzima. Badala yake alikunja magoti ambayo hata kanisani yalikuwa yamekataa kukunjika, akatandaza aproni yake chini, akaanza kuokota.

"Shika kwa kiuno," akasema. "Usishike karibu na kichwa."

Tuliokota mpaka macho yakashindwa kuona. Waliuma vidole vyake, naye akawatukana kwa Kimeru ambacho akina mama wa kanisa wangemfukuzia. Tuliwarudisha wengi. Malkia hakuwemo. Waliobaki waliendelea na kazi kama kawaida, wanapanga mwere kwenye stoo kwa ajili ya watoto ambao hawangezaliwa, wanapungua, hadi siku moja nikatazama kioo na hakuna kilichosogea.

Mathe alikuwa anakuja kunitembelea, na viatu vipya, na ndizi, na kuondoka kabla jua halijashuka. Hakulala pale tena. Neno la shosho likatimia lote, na mimi nikabeba kosa langu: nta sikuikanda vizuri. Unaweza kucheka. Mtoto haoni cha kuchekesha hapo.

Nilipofika chuo nilisomea wanyama na wadudu, nikamaliza vizuri, na tangu hapo natarmaki, natembeza vyeti nikitafuta kazi. Shosho ametuacha, amelala kando ya baba. Mwaka huu, nyumba ya Ruiri ilipoanza kunisumbua kwa ukimya, nilipanda gari nikaenda Kibugu kwa mathe, mahali ambapo angalau kuna chai ya kuchuma na mtu wa kukuuliza umekula. Akanipa kikapu.

"Majani mawili na kichipukizi, bwana degree. Si kung'oa mti."

Yule mwanamume wa kofia alicheka, lakini vizuri. Si mtu mbaya. Ningependa awe mbaya, ingenirahisishia.

Siku moja tukiwa wawili kwenye mistari ya chai, nilimsimulia mathe habari ya wale chungu kama mzaha, jinsi mimi na shosho tulivyotambaa chini ya mkonge. Mikono yake ikasimama juu ya majani.

"Shosho yako aliokota?"

"Mpaka giza."

"Kwa magoti?"

"Kwa magoti."

Akang'oa jani moja gumu, akalitupa. Kisha akasema, bila kunitazama, "Ile nta nilitoa mimi. Nikaweka kioo kwa jua ndio watoke haraka."

"Kwa nini?"

"Shosho alikuwa amekujaza hiyo maneno. Nikafikiria, kama lazima kuwe na kitu ya kukasirikia, heri iwe chungu. Sikutaka ukae ukijiuliza ni nini ulifanya."

"Nilijiuliza! Nta, mathe. Miaka yote hii, nimejiuliza nta."

"Nta?" Uso wake ukaanguka. "Aki, kijana yangu. Nta?"

Nilikasirika. Siku hizi kukasirika is the only thing I do full-time. Nikaacha kikapu, nikateremka kati ya mistari mpaka mtoni, nikapiga teke mawe yasiyo na makosa, nikapanda tena kwa sababu hapakuwa na pa kwenda. Alikuwa bado palepale, anachuma.

"Na kama wangekataa kutoka?" nikamuuliza. "Kama wangebaki ndani, hata na jua?"

Akatupa konzi ya majani begani, ndani ya kikapu.

"Ningeenda tu."

Kila wiki kuna ofisi inayoniandikia we regret, nafasi imejazwa, tutakupigia. Hakuna anayesema hatukutaki. Nimezoea kuchukia hiyo lugha, nikidhani ni ugonjwa wa ofisi. Lakini nimelelewa nayo. Shosho alitaka kumwambia mathe "baki," ikamshinda, akamwekea ile hadithi ya chungu mlangoni. Mathe alitaka kuniambia "naenda," ikamshinda, akawafungulia wale wale. Na nikikumbuka yale magoti chini ya mkonge, nadhani "baki" ilitoka hatimaye, jioni ile, mathe akiwa ameshapita Meru na hakuna wa kuisikia ila mimi, ambaye sikuielewa.

Ningeenda tu. Maneno mawili, na hakuna mdudu hata mmoja ndani yake. Yaliniuma kuliko vile vichwa vyekundu. Lakini usiku huo, kwenye nyumba ya mwanamume wa Kibugu, nililala moja kwa moja hadi asubuhi, na sikuamka kuangalia nani bado yuko.